Maabara ya Kuazima

Kitendawili!

Sema tega, usinitumbulie macho. Haya: kwangu kipo mgeni akiwepo, mgeni akiaga, nacho hutoka nyuma yake. Ni nini hicho?

Kivuli? Hapana, kivuli cha mgeni ni chake mwenyewe, hakikuwa changu hata kidogo. Soda? Umekaribia, lakini soda huishia tumboni, haitembei. Basi umeshindwa, nipe mji. Mtwapa sitaki, kuna kelele mpaka alfajiri. Nipe Kilifi. Ahsante. Nimekwenda Kilifi, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu lake ni zulia la kuazima.

Hannah wa Barani, kule Malindi, asingehitaji mji wa mtu ili kukitegua hicho, maana ndiko ulikotoka ugali wake. Kazi yake ilikuwa kukodisha vyombo vya shughuli: viti vya plastiki, mahema, majamvi, sufuria za pilau ambazo mtoto angeweza kuogea ndani. Harusi ikiwa Barani, viti ni vya Hannah. Matanga yakiwa Ganda, viti ni vya Hannah. Alikuwa na pikapu moja kuukuu iliyokuwa ikikohoa kila asubuhi kama mzee mvuta tumbaku, lakini ikishakohoa ilikwenda.

Tena kuazima si kwa wenye harusi peke yao. Barani watu wametoka kila pembe, Wagiriama, Wakikuyu, Wakisii, Wakamba, wa kanisani na wa msikitini, kila mmoja na mapishi yake. Ila kuna jambo moja wote wamelikubali bila kikao: mgeni haonyeshwi utupu wa nyumba. Wakwe wakija, kochi la jirani hupitia mlango wa nyuma likaingia sebuleni kwako, na jirani mwenyewe akija kuwaamkia hao wakwe hukaa juu ya kochi lake akasema, "Kochi zuri hili, mmelinunua wapi?" Hakuna anayecheka. Kesho ni zamu yake.

Ndiyo maana jambo la Shule ya Upili ya Kwa Ngowa lilipokuja, hakuna aliyeliona kuwa ni kosa.

Serikali ilikuwa imeleta mtaala mpya. Mtoto akimaliza Gredi ya Tisa huchagua mkondo: sayansi, au sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Na shule isiyo na maabara hairuhusiwi kubeba mkondo wa sayansi. Maafisa wangepita kukagua. Kwa Ngowa kulikuwa na chumba kirefu cha mawe ya matumbawe, wazazi wenyewe wamekijenga, mlangoni pameandikwa MAABARA kwa rangi nyekundu, na ndani hamna kitu isipokuwa popo.

Basi shule ikafanya kama nyumba yoyote ya Barani ingefanya. Mwalimu Mkuu, Maina, alikwenda kwa rafiki yake mwenye shule ya kulipia ng'ambo ya barabara ya Mombasa. Pikapu ya Hannah ikakohoa, ikaenda, ikarudi na meza ndefu, vigoda virefu, majiko madogo ya gesi, mizani, vichupa vya kila umbo, na mifupa ya plastiki ya mtu mzima. Mifupa ile ilikaa mbele karibu na usukani ili isivunjike, na watu wa Barani waliipungia mkono njia nzima. Afisa akaja, akaangalia, akala pilau, akaondoka. Jioni maabara nayo ikaondoka. Barua ya kupewa mkondo wa sayansi ilipofika, Hannah alipiga vigelegele mpaka koo likakauka, kwa sababu binti yake Kabibi alikuwa Gredi ya Tisa, na Kabibi toka akiwa mdogo alisema atakuwa yule mtu wa hospitali anayechungulia damu akajua unaumwa nini.

Mwaka ukageuka. Kabibi akaingia Gredi ya Kumi, mkondo wa sayansi, sare mpya, viatu vyeusi. Pesa za kujenga na kujaza maabara zikashuka kutoka juu, zikapita Ganda, zikapita Gede, zikafika hata mahali ambapo barabara haifiki. Kwa Ngowa hazikusimama. Walipouliza wakajibiwa kwa upole kabisa: ninyi si mnayo?

*

Siku moja ya muhula wa pili, mchana, Hannah na Kabibi walikuwa uani wakisugua sufuria za harusi kwa mchanga na jivu. Kukabishwa hodi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni. Mwalimu, pitia upande huu, huko kuna maji ya sabuni, utakwenda nyumbani kwa magoti."

Alikuwa Mwalimu Maina, na nyuma yake Mzee Kahindi, mwenyekiti wa bodi ya shule, na bakora yake ambayo hakuwa akiihitaji kwa kutembea bali kwa kuonyeshea vitu.

"Shikamoo, Mzee," Kabibi aliamkia, mikono imejaa jivu. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Mama Kabibi," Kahindi alisema akikaa juu ya sufuria iliyopinduliwa, "tumekuja na shughuli."

"Harusi au matanga?"

"Harusi!" Mzee alicheka. "Bibi harusi anatoka Mombasa. Yule Bi. Moraa wa elimu. Anarudi Alhamisi kukagua maabara."

Hannah aliendelea kusugua. "Maabara gani?"

"Mama Kabibi, usianze," alisema Maina. Alikuwa mtu wa Nyeri, miaka mingi Malindi, na Kiswahili chake kilikuwa kimeanza kupata chumvi ya huku. "Unajua ni gani. Nimeshaongea na rafiki yangu ng'ambo. Anatupa vitu vyote, pamoja na mizani mpya. Tunahitaji gari lako tu, asubuhi na jioni. Kama mwaka jana."

"Mwaka jana nilibeba," Hannah alisema. "Nilibeba, nikapanga, nikapangusa mpaka vumbi la miguu ya vigoda. Mliniambia ni ya siku moja. Tukishapewa mkondo, serikali itatujengea."

"Ilikuwa itujengee."

"Ikamjengea nani?"

Maina alitazama ukuta. Mzee Kahindi akachora mduara mchangani kwa bakora yake.

"Ikawajengea walioonyesha hawana," Hannah alijijibu. "Sisi tulijifanya matajiri, tukaachiwa utajiri wetu."

"Sasa ulitaka tufanyeje?" Maina alipandisha sauti, akaishusha. "Sikiliza, dada yangu. Mimi sitetei uongo. Natetea madawati ya wale watoto. Bi. Moraa akikuta hakuna kitu, mkondo unafutwa. Watoto wa sayansi watatawanywa. Mwenye uwezo atapelekwa bwenini, Mombasa huko au Mariakani. Asiye na uwezo ataambiwa abaki hapa, aimbe na acheze mpira. Wewe una uwezo wa bweni?"

Hannah hakuwa nao, na Maina alijua, na Hannah alijua kwamba Maina anajua.

Kabibi ndiye aliyeweka chini kipande chake cha gunia.

"Mwalimu, naomba kusema."

"Sema, Kabibi."

"Muhula wa kwanza tulifundishwa kuwasha jiko la gesi la maabara. Ulikuja wewe mwenyewe, ukachora moto ubaoni. Sisi tukanakili. Kwenye mtihani nikachora, nikataja sehemu zote, nikapata alama zote."

"Ndiyo. Ulikuwa wa kwanza."

"Mwalimu, mimi nimefaulu moto ambao sijauona. Moto wenyewe nauona mweupe, kwa sababu chaki ilikuwa nyeupe."

Mzee Kahindi alijaribu kucheka, kicheko kikamkwama kama mwiba wa samaki. Maina alisimama, akapangusa suruali ambayo haikuwa na vumbi.

"Fikiria, Mama Kabibi. Kesho jioni nitapita nichukue jibu."

Walipoondoka, mama na binti walirudi kusugua. Sufuria ilianza kung'aa mpaka ukaweza kujiona uso, uso mpana wa kuchekesha, lakini hakuna aliyecheka.

"Nikikataa," Hannah alisema, "na mkondo ukafutwa, utanilaumu. Utakuwa mtu mzima, umekaa mahali hukupataka, utasema mama yangu ndiye aliyenifungia njia."

"Na usipokataa?"

"Mkondo hautafutwa, nawe utaendelea."

"Nitaendelea kuchora." Kabibi alimwaga maji, akainuka. "Kisha siku moja nitaingia kwenye mtihani wa vitendo, mama. Nitawekewa vichupa mbele yangu, vya kweli, na mtu amesimama na saa. Nitavishika kama mtu anayemshika mtoto wa kwanza. Nitaviangusha. Hapo nimlaumu nani? Ukuta?"

Hannah alimtazama binti yake. Alikuwa amemzoea akiwa mtoto wa kuagizwa chumvi dukani. Huyu aliyesimama na ndoo alikuwa mtu mwingine, na alikuwa na haki.

"Gari haliendi," alisema.

"Kweli?"

"Haliendi. Lete hiyo ndogo nayo tuimalize."

*

Kesho yake Maina alipita, akapewa jibu, akaondoka bila kuaga sawasawa. Kabla hajafika barabarani habari ilikuwa imemtangulia. Barani haihitaji redio.

Hannah alipokwenda kununua mahamri asubuhi iliyofuata, alikutana na Easter, mama yake Cliff, ambaye mwanawe alikuwa darasa moja na Kabibi.

"Waheshimiwa wamefika!" Easter alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza mbaazi. "Mama Kabibi siku hizi amekuwa serikali. Anatoa mikondo na kunyang'anya."

"Salama, Easter."

"Salama itatoka wapi? Mwanangu anataka kuwa mhandisi, wewe unamtaka awe mpiga ngoma?"

"Mwanao ameshika waya hata mmoja toka Januari?"

"Atashika!"

"Wa nani? Wa ng'ambo ya barabara, unaokuja asubuhi na kurudi jioni?" Hannah alipokea mahamri yake. "Njoo Alhamisi, Easter. Njoo na maneno yako yote hayo, usiyamalizie hapa. Nawapitia wazazi wote wa sayansi. Wewe nimeanza nawe kwa sababu una sauti."

Easter alitaka kuguna, akajikuta ametabasamu kidogo, akaficha tabasamu lile haraka kama mtu aliyefunuka leso.

Hannah alizunguka kweli. Wengine walimfungulia mlango, wengine walimwambia kupitia dirishani kwamba wana mgonjwa. Mmoja alimwita msaliti. Mwingine, mfyatuaji matofali aliyeitwa Baya, alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na huyo afisa akiona, akafuta kweli?" Hannah akamwambia ukweli, kwamba hajui. Akamwambia tena kwamba usiku uliopita hakulala. Baya akasema basi atakuja, kwa sababu angalau kuna mtu mmoja Barani asiyemwambia kwamba kila kitu ni shwari.

*

Alhamisi ilipofika, pikapu ilikohoa mapema ikaenda Kwa Ngowa, lakini haikubeba maabara. Ilibeba viti vya plastiki. Hannah na Kabibi walivipanga uwanjani, mbele ya chumba kirefu, kama siku ya kuzungumza mahari. Wazazi waliokuja hawakujaa viti, ila walitosha kuonekana. Watoto wa sayansi walisimama kivulini na sare zao. Easter alikuwepo, amekunja mikono.

Gari la serikali liliingia na vumbi lake. Bi. Moraa alishuka, mwanamke wa makamo, miwani, viatu vya chini vya mtu anayetembea sana, na tableti kifuani. Nyuso zilimpendeza, viti vilimpendeza.

"Ah! Leo mmenipokea kama waziri," alisema.

"Karibu, karibu, madamu," Mzee Kahindi aliwahi mbele, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Karibu sana. Tumefurahi. Ila imetokea bahati mbaya ndogo. Mwenye ufunguo wa maabara amefiwa. Amekwenda matangani, ufunguo umo mfukoni mwake."

"Pole. Matanga ya wapi?"

"Ganda," alisema Mzee bila kupepesa jicho.

"Matanga ya nani, Mzee?" aliuliza Hannah kutoka nyuma.

Kahindi aligeuka polepole. "Ya... mjomba wake."

"Ganda hakuna matanga leo. Kungekuwepo, viti hivi tulivyovikalia vingekuwa huko."

Kicheko kilipasuka, kikapita viti vyote mpaka kwa watoto. Hata dereva wa gari la serikali alicheka akifuta kioo. Kahindi aliinua bakora yake aonyeshe kitu, akakosa cha kuonyesha.

Na hapo Mwalimu Maina alitia mkono mfukoni. Alitoa ufunguo. Aliutazama kidogo kama mtu anayeitazama picha yake ya zamani. Kisha akaenda akafungua mlango wenye maandishi mekundu, akausukuma mpaka ukagonga ukuta.

Chumba kilikuwa kitupu. Rafu za mbao tupu. Pembeni magunia matatu manne ya maharagwe ya chakula cha mchana, na juu yao paka amelala. Harufu ya popo. Hannah alimwashiria Kabibi, na watoto wa sayansi wakaingia mmoja mmoja, wakasimama katikati ya chumba, kwa safu, pale ambapo mtu angetarajia meza. Wazazi wakajaa mlangoni na kwenye madirisha, ambayo hayakuwa na vioo.

Hannah aliingia na kiti kimoja, akakiweka mbele ya watoto.

"Karibu ukae, Bi. Moraa. Nina swali moja tu, kisha nitanyamaza. Wewe, kwa macho yako, unaona nini humu?"

Bi. Moraa hakukaa. Aligusa tableti yake, akaipandisha, akaishusha.

"Ripoti yangu ya mwaka jana inasema kuna maabara kamili."

"Sikuuliza ripoti."

"Mama, huu ni ukaguzi rasmi, una utaratibu. Mimi huuliza, shule hujibu."

"Sawa. Shule ndiyo hii imesimama mbele yako. Uliza."

Bi. Moraa akageuka. Alimtazama Mwalimu Maina, na macho yale yalisema wazi: umenifanyia hivi kwa nini, hadharani?

"Niwaambie jambo," alisema mwishowe kwa sauti ya chini ambayo ilifanya watu wanyamaze ili waisikie. "Hapa kuna sehemu mbili za kubonyeza. Ipo. Haipo. Nikibonyeza haipo, mkondo unafutwa. Simfuti mtu mimi. Ni mfumo unaofuta wenyewe."

"Mfumo huo," Baya aliuliza dirishani, mkono umeshika ukingo, "mmekuja nao garini? Ushuke tuuone."

Wengine walicheka, wengine hawakucheka. Sauti moja ikapaa nyuma: "Madamu, bonyeza ipo! Bonyeza ipo tuende nyumbani!" Nyingine ikaidaka: "Ipo! Ipo!" Mzee Kahindi alipata nguvu upya. "Mmesikia wazazi? Bonyeza ipo, madamu, twende tule. Pilau iko—" Akageuka kwa Hannah. "Pilau iko, Mama Kabibi?"

"Hakuna pilau," Hannah alisema. "Sufuria zangu zote ziko nyumbani, zimefunikwa."

Mgeni wa serikali, Barani, bila pilau. Hilo liliwauma wengine kuliko chumba kitupu. Mama mmoja alijishika kichwa. Bi. Moraa mwenyewe alimtazama Hannah kwa namna mpya, kama mtu aliyezoea kupapaswa, mara akaguswa bega.

"Unataka nini, Mama Kabibi?" aliuliza. "Nijibu kama mama kwa mama. Nikiandika haipo, binti yako anatoka. Unataka atoke?"

Hannah alifungua kinywa. Aliona bweni asiloweza kulipia, aliona sare mpya imekunjwa kabatini, aliona miaka yote ya Kabibi akichungulia vidonda vya majirani. Akatafuta neno asilipate.

"Sitoki," alisema Kabibi.

Alikuwa amesimama safu ya mbele.

"Samahani, Bi. Moraa, naongea kwa heshima. Sisi tupo. Tumefanya mtihani wenu, tumepita, mkatuambia karibuni sayansi, tukaja. Kila siku tupo. Kisichokuwepo ni maabara. Sasa kwa nini kinachofutwa ni sisi tuliopo? Si mfute huo utupu?"

Hakuna aliyesema ipo tena.

"Watoto wamefundishwa adabu gani hii?" Mzee Kahindi alinung'unika, lakini hata yeye hakuwa na moyo wa kumalizia.

Kabibi alikaa chini. Hakuitwa na mtu, hakuambiwa na mama yake. Alikunja sketi yake akakaa juu ya saruji, miguu ameikunja pembeni. Msichana aliye karibu naye akakaa. Cliff mrefu, mtoto wa Easter, akakaa kwa vishindo kama ngamia. Safu zote zikashuka, sare zote nyeupe na buluu, mpaka ukaona rafu tupu nyuma yao, ukuta hadi ukuta.

"Hatukufungii njia," Hannah alisema, na sasa neno lilikuwa limerudi. "Mlango huo wazi, gari lako lile. Ukitaka kwenda nenda, hakuna atakayekugusa hata ukanda wa kiatu. Lakini hawa hawainuki. Wewe ukienda watakuwa hapa. Akija mwingine atawakuta hapa. Na swali langu nimeshauliza, halirudi kinywani."

"Mama Kabibi, mimi nina wakubwa!"

"Hata mimi ninao. Ndio hao wamekaa chini."

Easter alikuwa bado mlangoni na mikono yake iliyokunjwa. Alivua viatu, sijui kwa nini alivivua, pengine kwa kuzoea majamvi. Akapita kati ya watoto mpaka alipokuwa mwanawe, akakaa naye chini, nguo nzuri na yote.

"Nisogezee hiyo miguu yako mirefu," alimwambia Cliff. "Na mtu asinitolee maneno."

Baya aliruka dirishani akaingia. Wengine wakapita mlangoni. Si wote, nusu walibaki nje wakitazama, na wengine walikuwa wanaondoka wakilaani jina la Hannah. Lakini chumba kilijaa.

Mwalimu Maina alikuwa amebaki amesimama na ufunguo mkononi. Alikohoa.

"Madamu. Mwaka jana vitu vile vilikuwa vya kuazima. Mimi ndiye niliyeazima. Andika jina langu."

"Mwalimu, unajua utapata nini?"

"Uhamisho. Labda zaidi ya uhamisho." Alivuta pumzi. "Nimefundisha moto kwa chaki muhula mzima. Sidhani kuna mahali pabaya zaidi wanaweza kunipeleka."

Bi. Moraa alikaa. Kile kiti alichokikataa kwanza, sasa alikikalia kwa uzito wote. Alivua miwani, akaiweka juu ya tableti.

"Kwani mnadhani sikujua?" alisema, na hakuwa akimwambia Maina peke yake. "Niliziona alama za tairi mpaka hapa mlangoni. Chini ya meza kulikuwa na mchanga mwekundu wa ng'ambo ile, na huku mchanga wenu ni mweupe. Majiko ya gesi hayakuwa yameunganishwa na kitu. Nikaandika kamili. Nilikuwa nimetumwa nirudi na shule za sayansi, sikutumwa nirudi na sababu. Juu kule nao walikuwa na mgeni wao wa kuonyeshwa maabara zilizojaa. Basi ninyi mkanipikia, na mimi nikawapikia."

Paka aliamka juu ya gunia, akajinyoosha, akalala upande wa pili.

Simu ya afisa ililia. Alilitazama jina, akaizima.

"Hapa chini kuna nafasi ya maelezo," alisema. "Haijazwi. Tumezoea kuiruka. Nikiandika humo, itabidi mtu aisome kabla ya kufuta, na atakayeulizwa kwanza ni mimi, kwa nini mwaka jana niliandika uongo."

"Basi sema kwanza hapa, sisi tusikie," Hannah alisema. Hakuwa amepandisha sauti. Alichutama mbele ya kile kiti mpaka nyuso zao zikawa sawa. "Kisha uandike ulichokisema, kilekile, usipunguze. Bi. Moraa. Unaona nini humu?"

Yule mwanamke alivaa miwani yake tena. Hakutazama tableti, hakutazama rafu. Alitazama safu ya kwanza, akapita ya pili, uso kwa uso, mpaka ya nyuma ambako Easter alikuwa amemshika mwanawe mkono.

"Naona watoto wa sayansi, Mama Kabibi," alisema. "Wapo, wote. Maabara ndiyo haipo, na sisi ndio hatujaileta."